Hakuna Aliyeshuka Mtumbwini

Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa na sauti nzuri na shati lililopigwa pasi, na alisema kwamba Atupele hakuyumba katika imani hata siku moja ya maisha yake. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, pale pale Ndandalo, Kyela, nilipofika nikiwa mwalimu wa miaka ishirini na mitatu. Nimesafiri siku mbili kutoka Singida na magoti yangu haya mabovu ili nije nisikie maneno ya namna hiyo mbele ya jeneza? Najua kijana hakukusudia kudanganya. Karatasi aliandikiwa na kamati ya mazishi, na kamati za mazishi huandika vile vile nchi nzima. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto watano, mmoja alitangulia. Baada ya hapo akageuza karatasi na kuendelea na kwaya na umoja wa akina mama, na mimi nikabaki nikiangalia mikono yangu. Huyo mmoja aliyetangulia nilimfahamu. Mkojo wake ulishalowesha nguo zangu mara nyingi, na jinsi alivyotangulia naijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa chini ya lile turubai.

Atupele aliyumba. Nilimsikia akiyumba kwa masikio yangu mwenyewe, na usiposema kwamba aliyumba, alichokifanya baadaye kinakuwa kitu chepesi tu, kama mtu aliyezaliwa mnyonge akabaki mnyonge. Ndiyo maana nauandika mwaka ule. Kama familia itaudhika, inikasirikie mimi, maana nimeshazoea kukasirikiwa.

Nilipopangiwa shule ya kule, nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, na mwalimu mkuu akanipeleka kwa Mzee Asajile akasema nitakaa hapo mpaka mambo yatengemae. Hayakutengemaa, nikakaa mwaka mzima. Mzee Asajile alikuwa mgane na mzee wa kanisa, mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata joto la Kyela linapomfanya mtu atamani kuvua ngozi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, vyumba vitatu, na mimi nilipewa cha pembeni chenye dirisha linaloangalia uani. Chumba kilinuka kakao. Walianika kakao kwenye mikeka uani, na ile harufu yake ya uchachu iliingia kwenye shuka, kwenye madaftari, hata kwenye chai. Ng'ambo ya ua kulikuwa na nyumba ndogo ya udongo yenye jiko ubavuni, na humo aliishi Atupele, mke wa Lugano, mtoto wa Mzee. Lugano mwenyewe alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Atupele alikuwa rika langu kabisa. Alikuwa na mtoto wa kiume, Ipyana, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea na kuanguka juu ya kakao za watu.

Siku ya kwanza nilishangaa. Tulikuwa tumekaa jikoni, Atupele akinipakulia wali na mbasa, wale samaki wa ziwani wenye mafuta, aliowapika kwenye chungu cha wafinyanzi wa Ikombe, mara tukasikia mtu anakohoa kule kwenye kona ya migomba. Alikohoa mara tatu, taratibu, bila kifua. Atupele akaweka mwiko chini, akajifunika khanga uso mzima, akatokea mlango wa nyuma. Mzee akapita zake kuelekea nyumba kubwa akiwa ameangalia pembeni. Nikadhani wamegombana. Kumbe ni heshima. Wanyakyusa wa wakati ule, na hasa familia kama ile, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamwangalii, hali naye, hapiti alipo, jina lake halitamki. Kwetu wakwe tunawaheshimu, lakini hatukimbilii migombani. Kile kikohozi kilikuwa cha adabu, cha kumpa mkwe nafasi ya kuondoka, na nilipokizoea nilikuwa namcheka Atupele nikimwambia kwamba siku Mzee akipata mafua kweli yeye atahama mji.

Kwa kuwa mimi sikuwa na mwiko na yeyote, nikawa mbebaji. Nilibeba sahani kutoka jikoni kwenda nyumba kubwa, na ujumbe pia nikaubeba. Mwambie wa nyumba kubwa mchele umebaki kidogo. Mwambie mama Ipyana ndizi zimeiva shamba la chini. Jioni kabla giza halijaingia, Mzee alikaa dirishani akasoma Neno kwa sauti kubwa sana, na wiki za kwanza nilidhani ana matatizo ya masikio. Halafu nikagundua kwamba akianza kusoma, vyombo jikoni vinanyamaza. Alikuwa anamsomea mkwe wake. Na Atupele, kesho yake, alinituma nikaulize maswali. Siku moja aliniambia nimuulize kama Mungu hukasirika mtu akimhoji. Nilipofikisha swali Mzee alicheka mpaka akavua kofia, akasema, "Mwambie ahoji tu, mwanangu. Anamnyamazia nani?" Watu wale wawili walipendana kuliko baba na binti wengi niliowaona, na walikuwa hawajawahi kuangaliana.

Mvua ya Kyela sikuijua. Kwetu mvua ikinyesha watu hutoka nje kuifurahia. Kule, masika ya mwaka ule, ilinyesha siku nane mfululizo na hakuna aliyefurahi. Shule ikafungwa. Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, mto ukaacha njia yake. Nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari nikaona maji ya tope yanaingia chini ya mlango, na kabla sijapata akili ya kuokota viatu, yalikuwa magotini. Nje mikeka ya kakao ilikuwa inaelea, na banda la kuku lilipita na kuku wamesimama juu yake kimya. Mimi sijui kuogelea. Nilipanda juu ya meza na Mzee akapanda juu ya kitanda chake, tukawa tunaitana kupitia mlango.

Aliyekuja kutuokoa alikuwa Gwakisa, jirani yetu mvuvi, na mtumbwi wake wa gogo. Alikuwa ameshapeleka watu safari mbili kanisani, maana kanisa lilikuwa limejengwa kwenye mwinuko. Alituingiza kupitia dirishani, Mzee katikati, mimi mbele, na mtumbwi ule ulikuwa mwembamba, mtu anakaa amekunja magoti yakigusa mgongo wa mwenzake. Kisha akazunguka ua kwenda nyumba ndogo. Atupele alikuwa mlangoni, amesimama juu ya kinu alichokilaza, maji yakiwa yamefika mapajani hata hivyo, Ipyana amemfunga mgongoni. Alipotuona aliinua mikono yote miwili. Alikuwa anacheka, nakumbuka meno yake. Halafu akaona nani amekaa katikati ya mtumbwi. Mikono ikashuka, khanga ikapanda usoni, akageuka akaingia ndani.

Gwakisa akamwita. Akajibu kutoka ndani kwa sauti yake ya kila siku, kana kwamba tunamwita sokoni, "Nendeni. Mtanirudia." Mahali palipobaki kwenye mtumbwi palikuwa nyuma ya Mzee, na asingeweza kukaa hapo bila kumgusa. Mzee akashika ukingo akasema anashuka. Gwakisa akamwambia maji pale yanafika kifuani na yanakwenda mbio, na akisimama atatumwaga wote. Mzee akasema tena kwamba anashuka. Mara ya tatu hakusema. Badala yake akavua lile koti lake akajifunika kichwa na uso, akaniambia nimwambie mama Ipyana kwamba amejifunika, haoni kitu, aje. Nikapiga kelele nikamwambia. Akajibu neno lile lile, nendeni.

Ndipo Gwakisa akanigeukia mimi. "Mwalimu, mchukue mtoto basi." Ilinipasa nisimame, nishike mwimo wa mlango kwa mkono mmoja na kuingiza mwingine ndani nipokee. Mtumbwi ulikuwa unacheza. Mikono yangu ilikuwa imeshika kingo mbili na vidole vyangu vilikataa kufunguka. Hata leo nikivikumbuka navichukia. Nilisikia ndani hatua zikitembea majini, zikija upande wa mlango. Nikasema, "Siwezi." Sikupiga kelele, nililisema kama mtu anayejisemea. Hatua zikasimama. Gwakisa akasukuma kasia, tukaondoka, na Mzee alikuwa bado na koti kichwani, limemziba masikio.

Kutoka kule hadi kanisani si mbali. Gwakisa alitushusha ngazini na kugeuza papo hapo. Mimi nilisimama kwenye ngazi nikiangalia upande wa nyumba yetu, na nilipofuta mvua machoni nikaona nyumba kubwa iko, migomba iko, nyumba ndogo haipo. Sikuelewa. Nilidhani nimekosea upande. Ukuta wa udongo ulikuwa umeyeyuka na paa limekwenda na maji. Gwakisa alimkuta Atupele amekumbatia mti wa kakao, maji mabegani, mkondo ukimvuta, akiimba wimbo wa kanisani. Aliletwa akiwa anatetemeka, na alipopandishwa ngazi alikuwa anamwambia mtoto mgongoni, tumefika baba, tumefika, usilie. Mtoto alikuwa halii. Akina mama wawili wakafungua khanga kumpokea, na mmoja akamwangalia mwenzake. Kanisa lilikuwa limejaa watu na mbuzi na magunia, na kelele zote zikaisha. Atupele akageuka akauliza, "Mbona hamsemi?"

Nimezika watu wengi tangu siku ile, na mume wangu nimemzika. Sijawahi tena kusikia ukimya ule, wala sitaki. Alikuwa ameimba muda wote akidhani mtoto amelala.

Tulimzika Ipyana nyuma ya kanisa, mahali pa kwanza palipokauka. Lugano alifika siku ya nne akiwa na tope la Chunya na tope la Kyela kwenye suruali moja. Aliketi mbele ya baba yake akauliza jambo moja tu, nani walikuwa ndani ya mtumbwi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Mzee akajibu, "Mimi." Hakunitaja, wala mimi sikujitaja. Lugano akainuka akatoka. Akakaa mwezi mmoja, akamjengea mkewe nyumba nyingine ya mianzi na tope na jiko la mianzi matupu, kisha akarudi machimboni bila kumuaga baba yake.

Watu walikuja kufariji, na faraja zao zilinitia hasira kuliko msiba. Wengine walimwambia Atupele apunguze kulia, asije akaonekana anamlaumu Mungu. Wengine walikuja kwa mlango wa nyuma wakamnong'oneza kuwa maji hayaji hivi hivi, kuna mtu ameyatuma, na kuna mtaalamu upande wa pili anayeweza kumtaja kwa jina. Hao aliwajibu nikisikia, "Maji yametoka mtoni. Mto kila mtu anaujua." Wakaondoka wamenuna. Nilidhani basi, huyu mwanamke ni jiwe, na nikaanza kumwogopa.

Mzee Asajile hakurudi kwenye dirisha lake. Ukuta wa nyumba kubwa ulibaki na mstari wa tope usawa wa kifua, na yeye alikaa chini ya mstari huo siku nzima akiangalia mlango. Kikohozi cha uani kiliisha kwa sababu hakutoka. Aliandika barua akaacha uzee wa kanisa. Jumapili alikuja kanisani, hilo hakuliacha, lakini alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu walipokwenda mbele kwenye Meza ya Bwana, yeye alibaki ameinama. Sahani nilizopeleka nilizikuta jioni vile vile, wali umekauka juu. Siku moja nilimsihi ale. Aliisogeza sahani pembeni akaniambia, "Mwanangu, nimewasimamia watu kwenye ile meza miaka mingi. Nimewaambia Mungu hana mwiko na mtu. Siku niliyotakiwa kuliamini mimi mwenyewe, nilijifunika koti. Sasa nisogee pale na uso gani?" Huo ndio ulikuwa wakati wa kumwambia kwamba si yeye peke yake, kwamba mtu aliyekaa mbele yake alisema siwezi. Nikachukua sahani nikatoka. Na mimi tangu Mei sikuwa nakwenda mezani; niliwaambia wenzangu nina tumbo, na walinihurumia, wakaniletea dawa za majani, nikazinywa.

Sasa nifike pale ambapo wasifu haukufika. Ilikuwa mchana wa mwezi wa sita, nimelala chumbani na dirisha wazi, na Atupele yuko kwenye lile jiko jipya anapeta mchele. Mianzi haizuii sauti. Ungo ulikuwa unakwenda chwa, chwa, halafu ukasimama, na akaanza kusema. Nilidhani amepata mgeni. Alikuwa anasema Kinyakyusa na Kiswahili vikichanganyika, na kwa wakati ule nilishakijua Kinyakyusa kiasi cha kuteseka. Alikuwa anasema na Mungu. Alimuuliza alikuwa wapi. Alimwambia, "Nilikuwa nakuimbia. Mtoto anakufa mgongoni kwangu, na mimi nakuimbia wewe. Ungeninyamazisha basi, nimsikie." Alirudia hilo mara nyingi. Mwisho akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba hatamwimbia tena. Nikalala vile vile nimeziba mdomo kwa shuka inayonuka kakao. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba mtu akimwambia Mungu maneno hayo kitu kitatokea, paa litaanguka, kitu. Ungo ukaanza tena chwa, chwa.

Na kweli hakuimba. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, akatoka, akakaa na akina mama wengine, na nyimbo zilipoanza alifunga mdomo akaangalia mbele. Lakini kanisani alikwenda. Mvua, jua, alikwenda, na ushirika akashiriki. Nilipomuuliza, nikijifanya sikusikia kitu siku ile, kwa nini anakwenda na roho yake inaonekana nzito, alinijibu huku anafunga kilemba, "Niende wapi, dada? Nimegombana naye, sijahama kwake." Mimi nilikuwa nimehama bila hata kugombana, na nilijiona mtu mdogo sana.

Mwishoni mwa Julai niliirudisha jikoni sahani nyingine isiyoguswa. Kwa kawaida nilimwaga chakula kwa kuku kabla hajaona, maana niliogopa kumwongezea jambo. Siku hiyo alitokea nyuma yangu. Akaangalia sahani, akaangalia kuku, jinsi walivyonenepa. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu msiba, anakula kidogo sana, na mezani pa Bwana haendi. Hilo la mezani alikuwa halijui, kwa sababu mwiko ulimfanya asiangalie kabisa upande aliokaa Mzee. Alikaa chini. Akasema, "Kwa hiyo yule anajifia." Kisha akaniomba nimwachie jiko, ana kazi.

Jumapili ya kwanza ya Agosti kulikuwa na upepo kutoka ziwani na madirisha ya kanisa yalikuwa yakigongagonga. Wanaume walikaa kushoto, wanawake kulia, kama siku zote, na Mchungaji alipoita watu mezani, mabenchi yakaanza kutoka moja moja. Atupele alipofika njiani, badala ya kugeukia mbele, akageukia nyuma. Nilidhani anatoka nje. Akateremsha khanga kutoka kichwani hadi mabegani, uso wazi, akatembea kati ya wanaume na wanawake mpaka benchi la mwisho, akasimama mbele ya Mzee Asajile. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alifunika macho kwa mikono. Mwingine akasema "Kyala," yaani Mungu, kwa pumzi tu. Mzee aliona miguu kwanza. Akainua kichwa taratibu, na alipotambua ni nani, akaanza kulitafuta lile koti, akilivuta shingoni ajifunike. Atupele akalishika lile koti. "Tata," akasema. Ndivyo wanavyomwita baba. Hakuwahi kumwita chochote kabla ya hapo. "Tata, usijifunike. Tulikosea sote siku ile. Kwa heshima hiyo nimempoteza mtoto. Wewe sikupotezi. Inuka twende."

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba Mchungaji alisimama na kikombe mkononi, na hakuna aliyekohoa. Mzee akainuka. Alikuwa amekonda mpaka suruali ilikuwa imefungwa kamba, na akamfuata mkwe wake njia nzima ya katikati akilia waziwazi, kwa sauti, mzee mzima. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi langu, upande wa njia. Walipofika usawa wangu Atupele akasimama. Aliniangalia, na nilijua kabla hajafungua mdomo. "Na wewe, Mwalimu," akasema, kwa sauti ya mimi na yeye tu. "Nilikusikia siku ile. Inuka."

Sikuinuka. Ningependa kuandika kwamba niliinuka, na mara nyingi nikisimulia hadithi hii nimekuwa nikiikatisha kabla ya hapo. Niling'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Miezi minne huyu mtu alikuwa amenipikia, amenichotea maji ya kuoga, ameniita dada, na muda wote huo alikuwa anajua kwamba alikuja mlangoni na mtoto wake akasikia siwezi. Nilishikwa na mshtuko ambao hata maji hayakunipa. Alisubiri kidogo, kisha wakaendelea mbele, wakapiga magoti katikati, mahali ambapo si pa wanaume wala wanawake.

Kesho yake shangazi zake Lugano walikuja watatu, wamevaa khanga za msiba, kumsema. Walisema ameutukana ukoo, ameufunua uso wake mbele ya kanisa zima, na kwa mwiko uliovunjwa Mzee ataugua. Atupele aliwapikia, akawanawisha mikono, akawasikiliza mpaka mwisho. Halafu akawaambia kwamba hajaacha kumheshimu yule mzee, na kama ataugua, basi atamuuguza yeye mwenyewe kwa mikono yake, maana kwa koti na khanga wamejaribu, na kaburi liko nyuma ya kanisa, waende wakaliangalie. Wakajitanda khanga zao wakaondoka. Mzee hakuugua. Alianza kula wiki ile ile, na mwezi uliofuata akarudi dirishani na Neno lake. Kukohoa kwenye kona ya migomba hakuacha, mazoea ni mazoea, ila sasa Atupele alijibu kutoka jikoni kwamba tata, pita tu, na mimi nilisikia Mzee akicheka peke yake njiani. Kuimba Atupele alirudia baadaye kabisa, na hakuniambia sababu. Siku moja alikuwa anapeta mchele, akaimba.

Mimi sikumwomba msamaha. Kila siku nilipanga kumwomba, na kila siku nikabeba sahani. Alinitendea vile vile, hakuniongezea wala hakunipunguzia, na hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyopata kuadhibiwa. Ikaja Jumapili ya kwanza ya Septemba. Atupele akatoka kwenye benchi lake kwenda mezani, akafika usawa wangu, akasimama. Watu nyuma yake wakasimama nao, wakisubiri, wasijue wanasubiri nini. Nikaangalia chini, akaenda. Oktoba akasimama tena. Novemba akasimama tena, na nikaanza kumkasirikia, nikijiambia huyu mwanamke ana kiburi, ananiumbua mbele za watu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua ila mimi na yeye na Gwakisa.

Kijana wa shati zuri alimaliza kusoma, na sisi tukaenda kuliangalia jeneza. Alikuwa amezeeka vizuri, Atupele, uso wazi. Nilitamani kumshika yule kijana mkono nimwambie, mwanangu, andika kwamba aligombana na Mungu miezi mingi na hakuhama, andika kwamba kila mwezi alisimama. Sikumwambia. Alikuwa anatafuta chaja ya simu.

Barua ya uhamisho ilinifikia mwishoni mwa Novemba. Jumapili ya kwanza ya Desemba ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu pale, na nilikaa tena mwisho wa benchi, upande wa njia, sijui kwa nini nilipachagua, au najua. Akaja. Akasimama. Nikajaribu vidole vyangu kimoja kimoja, vikafunguka, nikainuka nikamfuata. Alikuwa ameshapiga magoti alipotambua niko nyuma yake, na upande wake wa pili alikuwepo Mzee. Mkeka wa kupigia magoti ulikuwa umejaa. Atupele hakugeuka kuniangalia. Alisogea mpaka bega lake likagusa la Mzee, ili mimi nipate mahali.